Jibu: Mtulinga ulivunjika, nirudi lini kwenye baiskeli ya milimani?

Pole sana ndugu. Unauliza kama wiki ya sita baada ya kuvunjika mtulinga (mfupa wa kati ya shingo na bega) na kugonga kichwa unaweza kurudi mlimani, kwa vile maumivu yamekwisha. Maumivu kuisha si kipimo. Mtulinga wa mtu mzima kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na anayeamua ni daktari akiwa na picha ya eksirei mkononi. Ukianguka kabla haujashika, hata kama umewekewa chuma, unaweza kurudi chumba cha upasuaji.

Kwa sasa tumia baiskeli ya mazoezi ya ndani, mgongo wima, mkono usibebe uzito. Mazoezi ya bega yanachosha kwa sababu ni madogo madogo, ila usiyaruke. Bega likikakamaa, usukani utakushinda kwenye mteremko.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hicho kichwa. Ukiendesha taratibu tu ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu, au mwanga ukakukera, simama na urudi kwa daktari. Helmeti ile itupe, hata kama nje haina mkwaruzo: povu la ndani likishabonyea halirudi. Usukani nao, kama ni wa kaboni, ukaguliwe hasa pale unapobanwa. Ufa wa hapo ni mwembamba kama unywele.

Hofu utakuwa nayo, ni kawaida. Anza na njia tambarare, uwe na mwenzako. Ukifika palepale ulipoanguka, shuka usukume baiskeli. Wanaotaka kucheka wacheke.