Kura za maoni zilimpa Gideon, Maine ikamrudisha Collins: kosa lilikuwa wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mkongo, naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Nilipata uraia, na mwaka 2020 nikapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Wakati wote wa kampeni tuliambiwa kwamba katika kinyang'anyiro cha useneta Sara Gideon anamwongoza Susan Collins, mara kwa pointi chache, mara kwa pointi 12. Chini ya takwimu wanaandika kwamba makosa ni asilimia 3 au 4, juu au chini. Kura zilipohesabiwa Collins akashinda kwa karibu pointi 9. Kiti hicho kinagombewa tena Novemba 2026. Je, watafiti walitudanganya? Hizo asilimia za makosa zina maana gani? Na mimi nikipigiwa simu, nijibu?

JIBU: Marahaba, dada. Na hongera kwa kura hiyo ya kwanza.

Hawakukudanganya. Ila ile asilimia ya makosa inabeba mzigo mdogo kuliko ule ambao wasomaji wengi huitwika, na sisi wa fani hii hatujajitahidi vya kutosha kulieleza jambo hilo. (Ninaposema kura za maoni nazungumzia utafiti wa kuuliza watu, si mchujo wa ndani ya chama unaoitwa hivyo Tanzania.)

Umewahi kumwona mnunuzi wa mchele sokoni akichoma gunia kwa bambo? Anachota punje kidogo, anazimwaga kiganjani, anaamua bei ya gunia zima. Akichoma mara moja anaweza kubahatisha vibaya, akichoma mara kumi hatari inapungua. Asilimia ya makosa inapima hatari hiyo tu, yaani bahati ya mchoto. Watu 600 wakihojiwa, makosa ni kama asilimia 4 juu au chini. Wakiwa 1,000, ni kama 3. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba gunia limechanganyika vizuri. Mchele mbovu ukiwa umekaa chini, mahali ambapo bambo halifiki, hata ukichoma juu mara elfu hutauona.

Hata kabla hatujafika huko chini ya gunia, kuna jambo ambalo magazeti hulipita haraka. Hizo asilimia 4 ni za mgombea mmoja. Tuseme watu 600 wamehojiwa, Gideon ana 46 na Collins 42. Msomaji anaona mwanya wa pointi 4 na kuutolea hukumu. Mwanya una makosa yake, nayo ni karibu maradufu, kwa sababu kura inayomtoka mmoja mara nyingi inamwangukia mwenzake. Kwa mfano huu makosa ya mwanya ni kama pointi 7.5 juu au chini. Takwimu hizo zinaruhusu Gideon awe mbele kwa pointi 11, na zinaruhusu pia Collins awe mbele kwa 3. Kusema "anaongoza" hapo ni kwenda mbali kuliko ushahidi.

Lakini bahati ya mchoto peke yake haitoshi kueleza yaliyotokea Maine. Katikati ya Septemba 2020 chuo kikuu cha Quinnipiac kilichapisha Gideon 54, Collins 42. Matokeo yalikuwa Collins 51, Gideon 42.4, huku wagombea binafsi Lisa Savage na Max Linn wakipata kama asilimia 5 na 1.7. Ni kweli kwamba zilikuwa zimebaki karibu wiki saba, na utafiti uliofuata ulionyesha mwanya mdogo zaidi. Hata hivyo karibu kila utafiti uliochapishwa ulielemea upande mmoja. Bahati mbaya ya kuchota ingewaangusha wengine huku na wengine kule. Wote wakiangukia upande uleule, ujue gunia halikuchanganyika.

Sababu ninaijua kwa masikio yangu. Nilipokuwa mwanafunzi Marekani nilifanya kibarua cha kuhoji watu kwa simu. Jioni moja nilipiga tangu saa kumi na moja hadi saa tatu usiku nikapata mahojiano matatu kamili. La kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu, mama mpole aliyenijibu kwa dakika ishirini na kitu na mwishoni akanishukuru kwa kumuuliza. Kabla yake nilikuwa nimempata baba mmoja. Nyuma yake nilisikia msumeno wa umeme ukizimwa. Akaniuliza, "Nyie mnataka nini kwangu?" kisha simu ikakatika. Kwenye karatasi yangu mama akawa jibu, baba akawa alama ya "amekataa". Na ninaamini hawakuwa wa mgombea mmoja.

Taasisi ya utafiti ya Pew, ya Marekani, iliwahi kuchapisha hesabu zake: mwaka 1997 watu 36 katika kila 100 waliotafutwa kwa simu walikubali kuhojiwa, na mwaka 2018 walibaki 6. Basi hali ya kila utafiti inategemea hao sita wanafanana kiasi gani na wale 94.

Utaniuliza, kwani watafiti hawarekebishi? Wanarekebisha, kwa kumpa kila mtu uzito. Chukua mfano wa kubuni: katika watu 600 uliowapata, nusu wana shahada, ilhali kwenye jimbo wenye shahada ni asilimia 35. Kila mwenye shahada unamhesabu kama 0.7 ya mtu, asiye nayo kama 1.3. Kama mgombea fulani ana asilimia 56 kwa wenye shahada na 40 kwa wasio nayo, bila uzito atasomeka 48, na baada ya uzito 45.6. Karibu pointi mbili na nusu zimeyeyuka kwa hesabu ya mstari mmoja.

Tatizo ni kwamba uzito unasahihisha kile unachokiona. Ukimpa uzito wa 1.3 fundi aliyekubali kukujibu, umemfanya awasemee mafundi wote, pamoja na yule aliyekukatia simu. Ikiwa anayejibu na anayekata wana shahada sawa, umri sawa, wilaya moja, lakini kura tofauti, marekebisho hayo hayakusaidii. Chama cha kitaalamu cha watafiti wa maoni cha Marekani, AAPOR, kiliunda jopo kuchunguza uchaguzi wa 2020. Jopo likakuta kwamba makosa ya kura za maoni kuhusu kura za urais nchi nzima yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote katika miaka 40, na likashindwa kukamata chanzo kimoja kwa uhakika. Shaka kubwa iliangukia hao wasiojibu.

Maine nayo ina ugumu wake. Mwaka ule, katika kura za urais, Joe Biden wa chama cha Democratic, chama cha Gideon, alilichukua jimbo zima kwa pointi 9, na siku hiyohiyo Collins, wa chama cha Republican, akashinda. Maana yake watu wengi sana waliweka alama kwa Biden, kisha wakashuka chini kidogo kwenye karatasi ileile wakamchagua Collins. Katika chaguzi za 2016 na 2020 hakuna jimbo jingine lililompa urais mgombea wa chama kimoja na useneta wa chama kingine. Collins ni mzaliwa wa Caribou, kaskazini kabisa, na amekaa Seneti tangu uchaguzi wa 1996. Mtafiti aliyezoea kuona kura ya seneta ikifuata kura ya rais angeweza kuyatazama majibu sahihi na kuyatilia shaka.

Kisha kuna utaratibu wenu wa kupanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watafiti walihangaika kuuliza wafuasi wa Savage chaguo lao la pili, kwa sababu kama hakuna aliyevuka nusu, kura hizo zingehamishiwa chaguo hilo la pili. Collins alivuka nusu katika hesabu ya kwanza, kwa hiyo hazikuguswa.

Kwa 2026, ukiona takwimu, tazama kwanza nani aliyelipia utafiti. Unaotoka kwenye kampeni ya mgombea mara nyingi huchapishwa pale tu unapompendeza. Tazama tarehe walizohoji, si tarehe ya habari. Tazama walivyowapata watu: simu, ujumbe mfupi au intaneti. Asilimia ya makosa izidishe mara mbili kabla hujausoma mwanya. Na zikitoka kura za maoni tano zinazokubaliana, usidhani zimethibitishana, maana huenda zote zimewakosa watu walewale.

Kuhusu simu: jibu, dada. Mtafiti wa kweli atakutajia taasisi yake, hatakuomba fedha, hatakuuliza namba yako ya hifadhi ya jamii wala ya benki. Akianza kwa kumpaka matope mgombea mmoja, ndipo akuulize kama bado ungempa kura, hiyo mara nyingi ni kampeni iliyovaa kanzu ya utafiti, kata. Na Kiingereza chako kisikutie haya. Kwenye fomu tuliyokuwa tukijaza kulikuwa na kisanduku kimeandikwa "lugha", cha kutia alama pale mtu aliposhindwa kutuelewa. Niliwatilia alama hiyo watu wengi waliokuwa raia na wapiga kura, nikaendelea na nambari iliyofuata. Uliza kama wana Kiswahili au Kifaransa. Kama hawana, waambie waseme polepole, au wapige tena jioni mtoto wako akiwa nyumbani akusaidie.