Niliacha bia siku 176 kwa ajili ya wodi ya watoto, na hela akazishika mtani wangu wa Yanga

Mkuu mleta mada, salaam. Umesema wewe ni shabiki wa kufa na kuzikana, umeona Waingereza wanaacha pombe mwezi mzima huku wakichangisha hela za hisani, na unataka kufanya hivyo hapa Dar. Hujui tu utaangaliaje mechi na koo kavu, wala washkaji wa baa utawaambia nini. Mimi nilifanya mwaka 2025. Nakusimulia ilivyokuwa, pamoja na pale nilipoteleza, maana waliokujibu huko juu wote wanakwambia "jikaze tu". Mimi kujikaza kuliniishia wiki ya tatu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mnyama, yaani shabiki wa Simba, mtoto wa Temeke, fundi friji. Siku ya mechi nilikuwa napiga bia tano, sita, kwa kupokezana raundi. Siku za kawaida mbili jioni, siku nyingine hata moja hakuna. Nalisema hili mapema kwa sababu kama wewe ni wa kila siku, asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue kwanza, basi usinifuate mimi. Mtu wa namna hiyo akikata ghafla anaweza kupata degedege au kuanza kuona vitu visivyokuwepo ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na watu wanakufa kwa hilo. Wewe anzia kwa daktari, hisani itakusubiri.

Sasa hao Waingereza. Kampeni yao ya Januari bila pombe ilianza 2013, na kuna wengine wanaacha Oktoba kuchangia wagonjwa wa saratani. Nami nilitaka kuiga Januari, mke wangu akacheka. Akasema kuacha bia Januari Dar ni sawa na kufunga siku ambayo jiko halijawaka. Ada za shule, kodi ya nyumba, madaftari, nani ana hela ya bia? Alikuwa na haki. Kwa hiyo nikasogeza mwisho mbele, nikaandika nyuma ya karatasi ya risiti: "Sitagusa kilevi chochote kuanzia Januari 1 mpaka filimbi ya mwisho ya dabi ya Kariakoo." Dabi hiyo, Simba na Yanga, ilipangwa Machi 8. Siku 67. Nikasaini, mashahidi wawili wakasaini. Maneno "filimbi ya mwisho" niliyaweka kwa mbwembwe tu. Yakumbuke, tutayarudia.

Lililonisaidia kuliko yote ni kwamba mweka hazina alikuwa mtani. Siyo mke wangu, siyo mwana Simba mwenzangu. Ni jirani yangu seremala, shabiki wa Yanga, mahasimu wetu wakubwa, tangu tumboni mwa mama yake. Mwana Simba mwenzako ukimwambia "leo tumeshinda, niruhusu moja" atakuruhusu, tena atakulipia. Mtani anakuombea mabaya usiku na mchana, anapita kijiweni kuuliza kama umeonekana baa, ananusa pumzi yako ukimsalimia. Hakuna mlinzi wa namna hiyo, na halipwi hata senti.

Masharti yalikuwa hivi: kila mechi ya Simba nikiiangalia bila kunywa, elfu kumi na tano inaingia kwenye mfuko usiku uleule. Hiyo ndiyo hela ambayo ingeishia kwenye bia, ukiacha nyama. Nikiteleza, faini elfu hamsini, halafu natembea Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao makuu ya Simba, mchana kweupe nimevaa jezi ya Yanga. Wana Simba wa kijiweni wakaahidi buku kwa kila ushindi. Watani wakagoma, wakasema hela ya Mwananchi (ndivyo Yanga wanavyojiita) haiwezi kushangilia Mnyama. Wao wakaahidi mia mbili kwa kila siku ninayopita bila kugusa. Hela zilikaa kwenye akaunti ya kikundi ya simu, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa mpaka wengine wathibitishe, na kila Jumapili salio linatumwa kwenye kundi. Usilidharau hili. Watu wamechoshwa na michango ya harusi, na wakihisi tu kwamba kuna mjanja anakula, umekwisha.

Mtihani wa kwanza ulikuja Januari 19. Kama unakumbuka, baada ya vurugu za mechi yetu na Sfaxien ya Tunisia mwezi Desemba, viti viking'olewa, CAF, shirikisho la soka Afrika, ilituamuru tucheze na Constantine ya Algeria bila mashabiki. Nilikuwa nimepanga kukwepa baa kwa kwenda uwanjani Kwa Mkapa mwenyewe. Sasa Kwa Mkapa kumefungwa na nyumbani king'amuzi kimeisha muda. Nikajikuta kwenye meza ileile, kiti kilekile, mhudumu yuleyule. Akaja na bia ya Safari ya baridi kabla sijafungua mdomo, akaigonga mezani, akaiweka kifungulio. Nikaweka mkono juu ya kizibo. Mkuu, ile chupa ilikuwa inatoka jasho, matone yanashuka taratibu yanakata lebo, na mimi nimeng'ang'ania kizibo kama namziba mtu mdomo. Mhudumu akaniuliza, "Unaumwa?"

Siku hiyo nikagundua kwamba kiu ya bia ni kama robo ya tatizo. Robo tatu ni maswali. Unatumia dozi? Umeokoka? Mke kakufungia? Halafu kuna wale wakarimu: "Mpe mbili, ziko juu yangu." Ukikataa offa ya mtu Temeke umemvunjia heshima. Kwa hiyo baada ya mechi (tulishinda 2-0) nikamfuata dada wa kaunta tukapatana. Mtu yeyote akininunulia bia, yeye apokee hela, aandike kwenye daftari, bia asifungue. Ijumaa mweka hazina anapita kuchukua. Mezani naletewa tangawizi kwenye glasi ya bia, na ikishamiminwa hakuna anayekuuliza tena. Wapo walioninunulia bia miezi miwili bila kujua kwamba wanawanunulia watoto sabuni. Walipoambiwa, mmoja alinuna wiki nzima, wengine wakaanza kuninunulia kwa makusudi.

Angalizo kuhusu hizo soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Mimi wiki za kwanza nilikuwa napiga nne kwa mechi, kitambi hakikuondoka ng'o. Baadaye nikahamia maji na ndimu. Usingizi ndio nilioona umebadilika haraka. Zamani nilidhani bia inanilaza, kumbe ilikuwa inanizimisha tu, saa tisa usiku niko macho nahesabu mabati. Na kwa sisi tunaopanda ngazi na kushika umeme asubuhi, piga hesabu hii: bia moja ya mililita 500 yenye asilimia tano ina kama gramu 20 za kilevi, na ini linaondoa gramu saba hadi kumi kwa saa. Bia tano unazomaliza saa tano usiku, saa mbili asubuhi unaweza kuwa bado uko nazo. Nimefungua makompresa ya watu miaka mingi nikiwa hivyo.

Machi 2025 Ramadhani na Kwaresma zilikutana, baa za Temeke zikapoa, mambo yakawa laini. Nikahesabu siku kama mfungwa: kumi, tano, mbili. Machi 8 nimeamka mapema, nimefua jezi, na kreti moja nimeshailipia kaunta kwa ajili ya baada ya filimbi. Yaliyotokea unayajua. Dabi ikaahirishwa siku ileile.

Nikaenda kwa seremala nikamwambia muda umeisha, tarehe imepita. Akatoa ile risiti mfukoni, akaisoma polepole kama hakimu: "mpaka filimbi ya mwisho." Filimbi imepulizwa? Haijapulizwa. Nikakata rufaa kijiweni. Wazee watatu wakakaa, wakanywa kahawa yangu, wakala kashata zangu, wakatupa rufaa. Mmoja wao ni mwana Simba! Alisema, "Kijana, wewe mwenyewe uliandika." Dabi ikaja kupangwa Juni 15, ikasogezwa tena Juni 25. Ushauri wangu: andika tarehe kwenye ahadi yako, usiandike mechi. Mpira wetu unaujua.

Lakini kama dabi ingechezwa Machi, ningeikosa Aprili 9. Al Masry ya Misri walitufunga 2-0 kwao, nasi tukarudisha 2-0 Kwa Mkapa, zikaja penalti. Nilikuwa jukwaa la mzunguko, nimebeba chupa ya maji. Sijawahi kuogopa namna ile, maana hakukuwa na kitu cha kunifunika. Moyo niliusikia masikioni. Kipa wetu Camara alivyosimama golini, mikono, miguu, alivyoruka, yote ninayo kichwani mpaka leo. Linganisha na Novemba 5, 2023 tulipopigwa 5-1 na watani: goli la nne na la tano nimeyaona kwenye marudio tu, nilikuwa nimeshazima. Ingawa kwa mechi ile, sijui, labda kuzima ilikuwa rehema.

Sasa kuteleza. Mei 25, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, marudiano na Berkane ya Morocco kule Amaan, Zanzibar. Kwao tulifungwa 2-0. Mutale akatupa goli mapema, baa nzima iko juu ya meza. Kipindi cha pili Kagoma akapewa nyekundu, tukabaki kumi, na dakika za nyongeza wakasawazisha. Kombe likaondoka. Nilikuwa nimesimama karibu na kaunta, kuna bia ya mtu imefunguliwa. Sikufikiri. Niliinywa yote, nikaanza na ya pembeni yake. Haikuwa hata tamu. Mwenye bia aliniangalia tu, naye alikuwa analia.

Usiku ule ningeweza kunyamaza, maana seremala alikuwa kwake anashangilia. Nilimpigia mwenyewe asubuhi. Nilitarajia atanicheka, akakaa kimya kidogo, akasema, "Pole. Jezi saizi gani?"

Jumamosi saa saba mchana nikatembea Msimbazi na jezi ya njano na kijani, seremala nyuma yangu anarekodi video. Kuna muuza maji aliniita msaliti. Kuna mzee wa Simba aliniuliza kwa upole kama nyumbani wazima. Ile video ilizunguka mpaka Mbagala, na wiki hiyo moja zikaingia hela nyingi kuliko mwezi mzima wa Februari. Watani wengine walituma buku mbilimbili na maneno "avae tena".

Jumla tulipata milioni moja laki tatu na elfu arobaini. Laki tatu na sitini zilitoka mfukoni mwangu kwa ajili ya mechi, zilizobaki ni za watu, faini yangu na daftari la kaunta. Mwanzo tulipeleka pampasi, sabuni na unga wa lishe kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja hapa mjini. Afisa ustawi wa jamii akashukuru, kisha akatuvuta pembeni. Akasema vitu vinaletwa, hasa karibu na sikukuu, watu wanapiga picha. Kinachokosekana ni nauli. Kuna akina mama wa mikoani ambao mtoto ameruhusiwa, lakini mama hana hela ya kurudi, anaendelea kulala korido. Kwa hiyo awamu ya pili tulikata tiketi tu. Ukianza yako, nenda kaulize kabla hujanunua chochote.

Dabi ilichezwa Juni 25. Tukafungwa 2-0, na ubingwa ukaenda kwao mara ya nne mfululizo. Filimbi ikapulizwa. Seremala akaniletea bia mwenyewe, akanifungulia, akaniwekea mbele. Nikamwambia kesho saa kumi alfajiri tuna safari ya Mbezi, sitaki kuchelewa. Nikainywa siku mbili baadaye. Bado nakunywa mkuu, sijaokoka, ila siku za mechi nimezoea maji na ndimu, na dada wa kaunta bado ana daftari.

Mbezi, stendi ya Magufuli, alfajiri ya Juni 26. Mama mmoja wa Kigoma, mtoto yuko mgongoni kwenye kitenge, kichwa kimenyolewa, amelala. Seremala kabeba begi la mama kichwani, kavaa jezi ya ubingwa, hajalala usiku kucha, sauti imekauka. Mimi nimevaa nyekundu kwa ubishi tu. Mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nyie ni wa kanisa gani?"

Seremala akamjibu kwa ile sauti ya chura, "Mimi Yanga, mama. Huyu ni mgonjwa wangu."

Mama akacheka mpaka mtoto akaamka. Akasema baba yake huyu ni Simba, jana hata simu hakupokea.