Jibu: Kwa nini ethanoli inatoa etha badala ya ethilini?
Ndugu, umeuliza kwa nini ukipitisha mvuke wa ethanoli (aina ya alkoholi) juu ya punje za alumina (oksidi ya alumini, kichocheo cha mmenyuko) unapata etha nyingi kuliko ethilini, na kwa nini punje hizo zimegeuka nyeusi.

La kwanza ni joto. Kwenye nyuzi 250 hivi za Selsiasi, molekuli mbili za ethanoli huungana juu ya uso wa alumina, zikaacha etha na maji. Ukipandisha hadi karibu 400, kila molekuli hutoa maji yake peke yake na kubaki ethilini, malighafi ya plastiki. Mmenyuko huu wa pili hula joto, kwa hiyo kipimajoto kizamishe katikati ya punje zenyewe, si kwenye ukuta wa tanuri. Katikati huwa na baridi kuliko unavyodhani, na hapo ndipo wengi tunapopotea.

Weusi ni kaboni iliyoziba vitundu. Usizitupe hizo punje! Fukuza kwanza mvuke wote kwa naitrojeni, kisha pitisha hewa kidogo kidogo kwenye nyuzi 500 hivi mpaka ziwe nyeupe tena.

Zeolaiti ya HZSM-5, kichocheo kingine chenye vitundu vidogo sana, inahitaji joto dogo zaidi, ila asidi yake kali huleta kaboni haraka. Mimi ningebaki na alumina.