Ukienda kukaa kwa dada yako Ulaya, uliza kabla ya kushika kazi

Nilikaa miezi 7 Hamburg, Ujerumani, kwa dada yangu, alipojifungua mtoto wa pili. Nilitoka Tanga nimejiapiza kwamba nikifika, dada hagusi hata kijiko. Wiki ya kwanza tu nikamharibia shemeji sweta.

Nililitia kwenye mashine pamoja na mashuka ya mtoto, nyuzijoto 60. Kumbe la sufu. Lilipotoka lilimtosha mtoto wao mkubwa, ana miaka minne. Shemeji alicheka. Dada hakucheka. Kwa hiyo wewe unayesubiri viza, kazi za ndani unazijua, nyumba yao huijui. Uliza, hata ukiona aibu kuuliza namna ya kufua wakati umefua tangu darasa la tatu.

Kilichonishinda zaidi ni madirisha. Nilifika Novemba, baridi inauma, na kila dada alipofungua dirisha mimi nilipita nyuma yake nikalifunga. Nguo nazo nilizianika sebuleni. Kufika Januari, ukuta wa nyuma ya kabati la watoto una ukungu mweusi, na zile nyumba ni za kupanga. Mpangaji anaweza kudaiwa gharama za kuusafisha. Wenyewe hufanya hivi: wanazima hita, wanafungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, wanafunga, asubuhi na jioni. Unyevu wa kupika, kuoga na kufua unatoka, kuta zinabaki na joto lake. Mimi nilidhani ni ukaidi wa Wajerumani.

Jumapili usitwange. Nilikuwa naponda kitunguu saumu na tangawizi kwenye kinu kidogo, mama wa ghorofa ya chini akapanda kugonga mlango. Kule Jumapili na sikukuu ni siku za kimya, na siku za kawaida kimya huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kutoboa ukuta, kupiga vakyumu, hata kutupa chupa kwenye yale mapipa ya vioo ya mtaani, yote yanasubiri Jumatatu. Na maduka mengi Jumapili yamefungwa, kwa hiyo unga ukikwisha Jumamosi usiku, mtakula tambi. Dagaa kaanga, lakini ondoa kwanza makoti koridoni. Shemeji alikwenda kazini ananukia Tanga.

Sasa la simu, na hili ndilo linalovunja undugu. Kule hakuna dada wa kazi, kila mtu anashika kitu. Shemeji anaosha vyombo, anabadilisha nepi, anapika wali mzuri tu. Nikamsimulia mama kwenye simu kama kichekesho. Haikupita wiki, shangazi akampigia dada kumuuliza kwa nini anamtesa mtoto wa watu. Siku mbili dada alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nilimwomba radhi, nikampigia shangazi mwenyewe, nikabeba lawama. Ya nyumba ile yabaki ndani ya nyumba ile, hata yale yanayochekesha.

Hela pia mzungumze mapema. Maji ya moto na hita hulipiwa kila mwezi kwa makadirio, kisha mwisho wa mwaka hesabu halisi inakuja, na mtu mmoja zaidi anayeoga dakika ishirini anaonekana humo. Mimi sikuwa na cha kuchangia, nikaomba kazi moja iwe yangu moja kwa moja, nikapewa chupa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji unalipia senti 25 za amana unaponunua, ukizirudisha dukani kwenye mashine unapata risiti ya kukatwa kwenye manunuzi. Kila Jumamosi nilikwenda na yule wa miaka minne, yeye anatumbukiza, mimi nampa moja moja. Siku tuliyofikisha chupa 16 tulipata euro 4, akashika risiti mkononi hadi kwa keshia, hakutaka niiguse: "Mama mdogo, hii yangu."