Ufunguo mdomoni wa nini?

SWALI: Mwanangu wa miaka 14 ana kifafa. Juzi alianguka ndani ya matatu, makanga akataka kumtia ufunguo mdomoni. Ni sawa? – Mama, Kayole, Nairobi

JIBU: La, mama. Ulimi haumezwi, chuma huvunja meno, na kipande chaweza kuziba njia ya hewa. Mlaze ubavu mate yatoke, sweta chini ya kichwa, kola uilegeze, kisha tazama saa. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Kadiri degedege linavyoendelea, vipokezi, yaani vishikio vidogo juu ya seli vinavyotuliza umeme wa ubongo, huzama ndani ya seli, hivyo dawa hukosa pa kushika. Mara nyingi chanzo ni dozi iliyorukwa: vidonge vikikaribia kuisha Ijumaa, usingoje kliniki ya Jumatatu.