Mstari Uliopungua Mizani

SWALI: Natunga tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) juu ya mama aliyekimbia vita vya Burundi, vilivyoanza 1993. Mstari huu hauimbiki: "Mama kafunga kitenge, sufuria kichwani." Una kasoro gani? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) una mizani, yaani silabi, 8 kamili; utao (nusu ya pili) una 7: su-fu-ri-a-ki-chwa-ni. Tanguliza "na", zitimie 16. Usizibe pengo kwa "sana" au "kweli"; hayabebi kitu. Vina vyako (silabi za mwisho wa kila nusu), "-nge" na "-ni", vidumishe mishororo, yaani mistari, mitatu ya mwanzo. Na hiyo sufuria usiiache! Ubeti wa pili utuonyeshe kilichomo: maharage mabichi, au viatu vya mtoto. Makubaliano ya Arusha ya 2000, ya amani ya Burundi, yape mshororo mmoja tu. Shairi ni la huyo mama.