Barua kwa mwanangu: namna ya kumpima mrushaji wa besiboli wa Double-A

Mwanangu Neema,

Salamu zako zimefika na swali lako nimelisoma kwa makini. Unasema kazini umekabidhiwa mrushaji wa kuandikia taarifa: kijana wa miaka 23, anatumia mkono wa kulia, yuko Double-A, ligi ndogo iliyo ngazi mbili chini ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, rada imemsoma maili 97 kwa saa, ERA yake (wastani wa pointi anazofungwa kwa kila iningi tisa) ni 2.15, na ofisi nzima inamwona nyota. Ukaniuliza, "Baba, nitajuaje kama huyu kweli atafika Ligi Kuu, au ni mwendo tu unaotupumbaza?" Nimefurahi umeuliza kabla hujaandika, maana taarifa ikishaingia kwenye faili la timu, kuifuta ni kazi.

Anza na hiyo 97. Ni wastani wake, au ni mpira mmoja aliourusha usiku ule akiwa na nguvu zote? Wastani wa mpira wa kasi katika Ligi Kuu siku hizi ni karibu maili 94, sawa na kilomita 151 kwa saa. Mrushaji wa kuanza, yaani anayeianza mechi, mwenye wastani wa 97 ni adimu sana. Aliyeigusa 97 mara tatu katika iningi ya kwanza (mechi ni iningi, yaani zamu, tisa), kisha akashuka, wapo wengi. Andika mwendo wa kila mpira wa kasi, iningi kwa iningi. Ukikuta ya kwanza anarusha 95 hadi 97 na ya tano 92 hadi 94, basi huyo unayempima ni mrushaji wa 94 mwenye pumzi fupi, hata wakisema nini.

Halafu mipira miwili ya maili 97 haifanani. Mpira wenye mzunguko wa nyuma haupandi hewani. Unashuka pungufu ya vile ungeshuka bila mzunguko, na mashine hupima tofauti hiyo kwa inchi. Wastani wa Ligi Kuu ni karibu inchi 16. Ukifika 18 na kuendelea, na ukarushwa sehemu ya juu ya eneo la straiki (eneo lililo juu ya bamba, ambamo mpira usiopigwa huhesabiwa dhidi ya mpigaji), gongo linapita chini yake. Lakini usiisome namba hiyo peke yake. Isome pamoja na pembe ya mkono. Anayerushia juu kabisa ya bega wapigaji wanamtegemea apate inchi hizo, kwa hiyo hawashangai. Anayerushia pembeni chini na bado akapata 16 au 17, huyo anawasumbua, kwa sababu mpira unawajia kwa pembe bapa wasiyoizoea. Mbaya kuliko wote ni ule unaoshuka na kuhama sawasawa na mkono unavyotabiri. Double-A utapita kwa sababu ya mwendo. Huko juu, wapigaji wanaoona 97 kila wiki wataufikia.

Tazama pia anauachia wapi. Kutoka kilimani, anaposimama mrushaji, hadi bambani, anaposimama mpigaji, ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44, lakini hakuna anayeachia mpira akiwa kwenye kibao anachokanyaga pale kilimani. Warushaji wengi hufika mbele yake karibu futi 6.4. Akifika futi 7, mpigaji ananyang'anywa muda, na mpira unaonekana kuwa na kasi zaidi ya rada kwa karibu maili moja. Hizi namba za Double-A hazitangazwi kwa umma kama zile za Triple-A, ngazi iliyo kati yake na Ligi Kuu, ila ofisi yenu inazo. Ziombe.

Sasa ERA. Nakusihi, mwanangu, usiipe nafasi kubwa. Double-A walinzi wanaocheza nyuma yake ni wanafunzi kama yeye, viwanja havilingani, na bahati ina mkono wake. Kati ya mipira inayopigwa ikabaki uwanjani, karibu 3 kati ya 10 huzaa hiti, yaani mpigaji anafika kituoni salama. Akiwa amefungwa 2 tu kati ya 10, msimu mmoja hauwezi kukuhakikishia kwamba ni ustadi. Inahitajika mipira kama 2,000 ya namna hiyo ndipo namba ianze kusema ukweli juu ya mrushaji mwenyewe, na kwa msimu wa ligi ndogo hupati hata 400. Uliza pia alirushia wapi. Amarillo, katika Texas League, iko kama mita 1,100 juu ya bahari. Akipandishwa hadi Albuquerque, Triple-A, ni zaidi ya mita 1,500, chini kidogo tu ya Nairobi. Hewa ikiwa nyepesi, mpira unasafiri mbali na slaida, ule mpira unaopinda pembeni, inapinda pungufu ya kawaida. ERA ya 4.80 Albuquerque inaweza kuwa kazi nzuri kuliko hiyo 2.15 ya kijana wako.

Badala yake hesabu wapigaji: kati ya wote waliosimama mbele yake, wangapi amewatoa kwa straiki tatu, na wangapi amewapa kituo cha bure kwa boli nne, yaani mipira iliyotoka nje ya eneo la straiki? Ligi Kuu ni karibu asilimia 22 kwa wa kwanza na asilimia 8 kwa wa pili. Usikubali hesabu ya "amewatoa 11 kwa iningi 9", kwa sababu anayegawa vituo vya bure anakutana na wapigaji wengi zaidi, hivyo anapata nafasi zaidi za kuwatoa. Mmoja anayekutana na wapigaji 36 katika iningi 9 na kuwatoa 11, hiyo ni asilimia 31. Mwingine anakutana na 41, anawatoa 11 vilevile, na ni asilimia 27. Gazetini wanafanana. Kiwango cha straiki tatu huanza kutulia baada ya wapigaji kama 70 tu. Cha vituo vya bure huhitaji kama 170. Mechi tatu nzuri, basi, zinakuambia kitu kuhusu nguvu yake, lakini bado hazijasema lolote la maana kuhusu udhibiti wake.

Na udhibiti ndio hasa unaotenganisha wanaopanda na wanaobaki. Hapa macho yako yana kazi kuliko mashine. Kaa nyuma ya bamba, usawa na mdakaji, usiwe pembeni. Chora miraba tisa kwenye karatasi. Kabla ya kila mpira wa kasi angalia glovu imewekwa mraba gani. Mpira ukifika, angalia glovu imelazimika kwenda wapi. Fanya hivyo kwa mipira 30. Usihesabu straiki. Mpira ulioombwa chini nje ukafika juu ndani ni straiki kwa mwamuzi, lakini kwako ni kosa, tena kosa ambalo Ligi Kuu linapigwa homurani, mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Kisha soma makosa yanaelekea wapi. Yakiwa mengi juu, upande wa mkono wake wa kulia, bega la mbele linafunguka mapema na mkono unachelewa kufika. Yakiwa chini, upande wa glovu, anaushikilia mpira kupita kiasi kabla ya kuuachia. Anayekosea upande mmoja siku zote anaweza kurekebishwa na kocha. Anayekosea pande zote nne, kila mpira na mahali pake, mpe alama ndogo bila huruma, kwa sababu mwili wake haurudii tendo moja, na hilo hubadilika kwa shida sana akishafika miaka 23.

Tazama kutua kwa mguu wa mbele. Baada ya iningi mbili, alama ya kiatu kwenye udongo wa kilima inapaswa kuwa shimo moja. Ukiona mashimo mawili au matatu, yaliyoachana kwa upana wa kiatu, umeshajua kwa nini glovu inahangaika.

Slaida yake ihesabu kwa mapigo, usiihesabu kwa mshangao wa mashabiki. Ligi Kuu, kati ya mara tatu wapigaji wanapoipigia slaida gongo, karibu mara moja wanapiga hewa. Kwa mpira wa kasi ni karibu mara moja kati ya tano. Lakini Double-A wapigaji wengi hupiga hewa slaida iliyotoka nje ya eneo la straiki tangu mapema. Wa juu wataiacha ipite. Kwa hiyo tenga slaida alizozirusha ndani ya eneo, uone zilifanywa nini. Weka pia video mbili sambamba, ya mpira wa kasi na ya slaida, uzisimamishe pale mkono unapoachia. Mkono wa slaida ukiwa umeshuka inchi tatu au umekwenda pembeni, Triple-A watagundua ndani ya wiki. Na mkono ukipunguza kasi kidogo ili kuusokota mpira, hilo huonekana hata bila video, ukizoea kutazama kiwiko badala ya mpira.

Baada ya hapo muulizie wapigaji wa mkono wa kushoto. Hapo ndipo warushaji wa kulia wenye mipira miwili tu hukwama, kwa sababu slaida inapinda kuelekea kwenye gongo la wa kushoto. Anahitaji kitu kinachokimbia upande mwingine, na mara nyingi ni chenjiapu: pungufu ya mpira wa kasi kwa maili 8 hadi 10, huku mkono ukipita kwa kasi ileile. Tofauti ikiwa maili 4, mpigaji anauona kama mpira wa kasi uliochoka. Angalia anaitumia lini. Ikiwa ni pale tu anapoongoza kwa straiki mbili bila boli, bado hana imani nayo. Akiirusha akiwa na boli mbili bila straiki, na ikaingia, andika kwa herufi kubwa. Wapo wanaovunja kanuni hii. Spencer Strider, mrushaji wa Ligi Kuu, mwaka 2022 alitoa wapigaji 202 kwa straiki tatu katika iningi zisizofika 132, akitegemea karibu kabisa mpira wa kasi na slaida. Lakini mpira wake wa kasi ulikuwa wa namna ya pekee. Usimfanye kijana wako Strider kwa matumaini.

Kukiwa na mtu kwenye kituo cha kwanza, toa saa ya kusimamisha. Bonyeza mwili unapoanza kusogea kuelekea bambani, simamisha mpira unapogonga glovu ya mdakaji. Sekunde 1.3 inatosha, 1.5 wakimbiaji wanamwibia vituo watakavyo, wakisogea kabla mpira haujapigwa. Tangu 2023 Ligi Kuu imepanua vituo kutoka inchi 15 hadi 18 na kumbana mrushaji asitoke kwenye kibao zaidi ya mara mbili bila hatari, kwa hiyo udhaifu huu ambao zamani ulivumilika sasa unagharimu mechi.

Akipanda Triple-A wakati bado unamfuatilia, usishtuke namba zikiruka. Tangu 2019 Triple-A inatumia mpira wa Ligi Kuu, wakati chini yake mpira ni mwingine, wenye mshono uliojitokeza zaidi, na wengi huchukua mwezi kuizoea slaida yao upya. Huko pia mashine inaamua straiki mpigaji, mrushaji au mdakaji anapokata rufaa, kwa hiyo mdakaji hodari wa kuwashawishi waamuzi waite straiki hawezi kumfichia makosa kama zamani.

Kuhusu umri, 23 Double-A ni kawaida, si ajabu wala si kuchelewa. Usimwongezee alama, usimpunguzie. Mrushaji Jacob deGrom alichaguliwa raundi ya 9 ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2010, akapasuliwa kiwiko, na hakufika Ligi Kuu hadi 2014 akiwa na miaka 25. Mrushaji mwingine, Mark Appel, alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2013, na akafika 2022.

Historia ya kiwiko na bega iombe kwa maandishi. Kama aliwahi kubadilishiwa kano ya kiwiko, uliza ni lini na alikaa nje miezi mingapi. 12 hadi 18 ni ya kawaida. Lililo zito kuliko hata upasuaji wa zamani ni mwendo kushuka maili 2 ndani ya wiki chache pamoja na neno "mkono umekaza" kwenye ripoti ya matabibu. Likiwepo, simamisha tathmini mpaka apimwe.

Ukifika kwenye alama za 20 hadi 80 tunazompa mchezaji kwenye taarifa, kumbuka 50 ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu, siyo wa wastani wa Double-A. Mara nyingi vijana wa ofisini wanampa chenjiapu 50 kwa sababu iliwatoa wapigaji wa Double-A. Andika alama mbili kwa kila mpira, ya leo na ya atakapokomaa, na ueleze kwa sentensi moja nini kitaisogeza kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kama huna sentensi hiyo, alama zote mbili ziwe sawa. Kwa ulivyonieleza, kabla ya kuiona karatasi ya glovu, ningemwandika mrushaji wa akiba wa iningi za mwisho, mwenye nafasi ya kuanza ikiwa chenjiapu itafika 45. Hilo si kumshusha. Akirusha iningi moja tu, mwendo wake unaweza kuongezeka maili moja au mbili, na Mariano Rivera, gwiji wa iningi za mwisho, naye alikuwa mrushaji wa kuanza katika ligi ndogo.

Nenda ukamtazame mechi mbili zaidi, moja dhidi ya timu yenye wapigaji wengi wa kushoto, kisha nitumie karatasi ya miraba na mwendo wa kila iningi kabla hujawasilisha. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama lile koti la baridi limekutosha.

Baba yako